Original Plumbing: jarida la wanaume transijenda, na jinsi ya kulisoma leo

Mwenye fedha ya kununua chapisho moja tu kuhusu maisha ya wanaume transijenda, yaani wanaume ambao walipozaliwa waliandikishwa kuwa wa kike, anunue mkusanyo wa Original Plumbing uliotolewa na Feminist Press ya New York mwaka 2019. Tunasema hivyo bila kusita, ila anunue akijua anachonunua. Kwa picha, kwa mahojiano, kwa kumwonyesha mtu anayeishi siku yake ya kawaida, hatujaona chapisho la karatasi linaloukaribia. Kwa mambo ya dawa, vipimo na hati za serikali, mengi yaliyokuwa kweli jarida lilipoanza yamepitwa na wakati, na anayelifuata kama mwongozo wa kliniki anaweza kujiumiza. Ndiyo maana hapa tunalisoma sehemu kwa sehemu, na pale linapochakaa tunaweka maelezo yanayofaa sasa.

Jarida lilianzishwa San Francisco mwaka 2009 na Amos Mac, mpiga picha, pamoja na Rocco Kayiatos, ambaye wapenzi wa hip hop walimjua kwa jina la Katastrophe. Lilianza kama kijarida cha watu wa eneo la Ghuba ya San Francisco, likakua hadi kusomwa Marekani nzima, na liliishia toleo la 20 baada ya takriban miaka kumi. Lilijitangaza kuwa la kila robo mwaka, lakini ukigawanya utaona wastani ni matoleo mawili kwa mwaka. Kwa jarida lisilo na kampuni kubwa nyuma yake hilo si la kulaumu. Ni la kujua tu kwa anayekusanya, asije akatafuta toleo la msimu ambao jarida halikutoka.

Wanaume transijenda walikuwa na machapisho yao muda mrefu kabla ya hapo. Rupert Raj alianza kutoa Metamorphosis huko Toronto mwaka 1982. Mwaka 1987 Lou Sullivan akaanza jarida dogo la kikundi chake cha FTM (kifupi cha Kiingereza cha “kutoka kike kwenda kiume”), hapo hapo San Francisco. Yalikuwa machapisho ya kurasa chache yenye barua za wasomaji, tarehe za mikutano, na habari za madaktari wanaokubali kutibu. Sullivan alikuwa mwanaume anayependa wanaume, na kliniki za wakati ule zilimkataa kwa sababu hiyo, kwani madaktari waliamini kwamba mwanaume transijenda wa kweli lazima apende wanawake. Alifariki mwaka 1991 kwa UKIMWI, na Jamison Green akaendeleza kazi. Ukiyajua haya, utaelewa mbona Original Plumbing halikujazwa anwani za madaktari. Kufikia 2009 anwani zilikuwa zinapatikana kwenye intaneti. Kilichokosekana ni karatasi nzuri yenye picha nzuri, ambamo mwanaume huyu haonekani kama kesi ya hospitali.

Uamuzi bora wa wahariri ulikuwa kulipatia kila toleo mada moja. Toleo la kwanza lilikuwa la chumba cha kulala. Baadaye zikaja nywele, afya na ngono salama, kazi, mitindo, shule, michezo, familia, mashujaa, picha za kujipiga mwenyewe. Mada ya namna hiyo inafanya kazi kubwa. Mwandishi wa gazeti la kawaida akimkalisha mwanaume transijenda mbele yake, swali la kwanza ni lini alijua na la pili ni upasuaji. Mada ikiwa chumba cha kulala, mazungumzo hayana budi kuanzia mahali pengine: analala wapi, anaishi na nani, kuna nini ukutani. Mwili unaingia kwenye maongezi mwenyewe akitaka uingie.

Toleo hilo la kwanza ndilo tungemwonyesha mtu asiyelijua jarida. Wanaume wamepigwa picha vyumbani mwao, na aliyeshika kamera ni mwenzao. Angalia mikono. Katika picha nyingi za watu transijenda zilizopigwa na wageni, mikono inaficha kitu: imekunjwa kifuani, imeshika mto, imezama mifukoni. Mwenye kamera akiwa ndugu, mikono inatulia. Anayetaka kupiga picha za wenzake Nairobi au Toronto akae na kurasa hizo muda mrefu na kujiuliza kila mara mpiga picha alisimama umbali gani, alishika kamera kwenye kimo gani, na kwa nini hakuikata picha shingoni.

Mkusanyo una dibaji ya mwandishi Tiq Milan, na humo kuna mahojiano na mwandishi Janet Mock, mwongozaji filamu Silas Howard na mchekeshaji Margaret Cho, pamoja na sanaa na hadithi fupi. Mahojiano na watu maarufu yanasomeka vizuri, ila si roho ya kitabu. Roho iko kwa wanaume wasiojulikana.

Kasoro kubwa ya jarida iko kwenye picha hizo hizo. Hasa mwanzoni, macho yanakutana mara nyingi na kijana wa mjini, mwembamba, mwenye tatuu, anayeishi Marekani. Mwanaume mnene, mwenye miaka hamsini, anayeishi mbali na jiji, au anayevaa kanzu Ijumaa, anajitafuta kurasa nyingi. Hili si la kupuuza, maana jarida la picha linafundisha kwa macho. Msomaji anafunga kitabu akiwa na sura fulani kichwani ya jinsi anavyopaswa kuonekana, na sura hiyo inaweza kumkaba.

Kosa la kwanza la msomaji linaanzia kifuani. Kuna picha za vifua wazi, vingine vimeshapona, na picha haisemi kovu lina umri gani. Kovu la upasuaji wa kifua huwa jekundu au jeusi na gumu miezi ya kwanza, na huchukua kati ya miezi 12 na 18 kutulia. Anayejilinganisha akiwa wiki ya sita na mtu wa mwaka wa tatu atadhani amefanyiwa vibaya. Njia kuu za upasuaji ni mbili. Kwa kifua kikubwa, daktari hukata mistari miwili chini ya matiti, huondoa tishu na ngozi iliyozidi, kisha hupandikiza chuchu mahali papya. Kwa kifua kidogo chenye ngozi inayovutika vizuri, hupita kwenye ukingo wa chuchu, na kovu ni dogo zaidi. Huwezi kuchagua njia kwa kupenda picha. Ukubwa wa kifua na ulegevu wa ngozi ndivyo vinavyoamua. Kifua kikubwa kikilazimishwa njia ya pili, ngozi inabaki imelegea na mtu anarudi mezani mara ya pili.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi kuna swali ambalo picha haiwezi kujibu: makovu ya kuvimba, yaani keloidi. Kabla ya upasuaji mwonyeshe daktari makovu yako ya zamani, la chanjo begani, la kutoboa masikio, la kuungua. Yaliyovimba yakavuka mipaka ya jeraha la awali ni dalili kwamba na kifua kinaweza kufanya hivyo, na mpango wa kuzuia upangwe kabla: mikanda ya silikoni, sindano za steroidi kwenye kovu, na kuzuia kovu lisivutwe. Sigara iachwe angalau wiki nne kabla na wiki nne baada, kwa sababu nikotini inabana mishipa midogo na chuchu iliyopandikizwa inaweza kufa kwa kukosa damu. Baada ya upasuaji, siku mbili za kwanza ndizo za kuwa macho zaidi: upande mmoja ukivimba ghafla, ukawa mgumu na kuuma kuliko mwingine, kuna damu inayojikusanya ndani. Hilo ni la kurudi hospitali saa hiyo hiyo.

Wasiofanyiwa upasuaji, ambao ndio wengi, wanavaa vazi la kubana kifua linaloitwa bainda. Hapa dunia imebadilika katika umri wa jarida hili. Miaka ya mwanzo, wengi Marekani walivaa bidhaa za Underworks, kampuni ambayo fulana zake za kubana zilivaliwa pia na wanaume wenye matiti makubwa. Kampuni ya gc2b, inayomilikiwa na watu transijenda, iliingia sokoni mwaka 2015 na bainda zilizoshonwa mahususi kwa miili yetu. Kwa hiyo ushauri wa bainda kutoka matoleo ya awali usomwe kama historia.

Bainda nzuri ina tabaka gumu lisilovutika mbele tu, na kitambaa kinachovutika mgongoni, ili mbavu zipate nafasi ya kupanuka unapovuta pumzi. Ikiwa pande zote mbili hazivutiki, iache dukani. Pima ukiwa hujavaa kitu: zungusha utepe sehemu ya kifua iliyojaa zaidi, kisha chini kabisa ya matiti, halafu mabega kutoka ncha hadi ncha. Vipimo vikiangukia saizi mbili tofauti, chukua kubwa. Kuchukua ndogo ili kifua kiwe bapa zaidi ndilo kosa linaloumiza wengi, na wala halisaidii, kwani bainda ndogo inasukuma tishu zitoke kwapani na shingoni na umbo linaonekana vibaya zaidi chini ya shati. Ya nusu huishia chini ya matiti na hufaa joto la Dar es Salaam au Mombasa. Ndefu hufika kiunoni, hulainisha tumbo, lakini hujikunja kuanzia chini mtu mwenye nyonga pana anapokaa.

Ivae kwa kuingiza miguu kwanza ikiwa mabega yanakwama, kisha inama mbele kidogo na upange kila titi lielekee chini na pembeni, lisisukumwe katikati. Usiivae zaidi ya muda wa saa nane kwa siku. Usilale nayo, na ukienda mazoezini vaa sidiria ya michezo badala yake. Ganzi mikononi, kichomi, kizunguzungu au pumzi isiyoshuka ni amri ya kuivua, hata kama uko kazini, tafuta choo. Ukivua, vuta pumzi ndefu mara kadhaa na kohoa kwa nguvu ili mapafu yafunguke hadi chini. Mwenye pumu apunguze saa zaidi ya hapo. Jasho likikauka chini ya bainda huleta fangasi na michubuko, kwa hiyo pata mbili za kupokezana, fua kwa mkono na maji baridi, anika kivulini, usitie jiki wala pasi. Joto na jiki huua mpira wa kitambaa.

Bandeji ya kuvutika ya duka la dawa haifai kabisa, wala selotepu pana. Bandeji imetengenezwa kukaza kiungo kilichoteguka. Ukitoa pumzi inafuata kifua kinaposinyaa, ukivuta inakatalia pale pale, na kadiri saa zinavyopita inazidi kujikaza. Mbavu zimevunjika kwa namna hiyo. Selotepu huondoka na ngozi.

Toleo la nywele tunalipenda, na ni mada ambayo watu wa nje hawaelewi uzito wake. Testosteroni, homoni ya kiume, huanza kuleta ndevu kati ya mwezi wa 6 na wa 12, na ndevu hufikia ukamilifu wake baada ya miaka 4 hadi 5. Sauti huwahi: huanza kushuka katika mwaka wa kwanza na kwa kawaida hutulia mwaka wa pili. Hedhi mara nyingi hukoma ndani ya miezi 6. Kipara nacho hufuata ukoo, wa mama na wa baba pia, kwa hiyo tazama wajomba na baba wadogo kabla ya kulaumu dawa. Ukitazama picha ya mwanaume mwenye ndevu nzito, jiulize ametumia homoni miaka mingapi.

Kwenye kunyoa, jarida la Marekani halimtoshi mwenye nywele za kipilipili. Nywele zetu zikikatwa fupi sana hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, na hapo ndipo vipele vya shingoni vinapotokea. Lowesha ndevu kwa maji ya uvuguvugu dakika chache, tumia wembe wa makali mamoja, fuata upande nywele zinakoota, usivute ngozi, na usirudie pale pale. Bora zaidi ni mashine inayobakiza kama milimita moja. Vipele vikishakuwa vingi, acha kunyoa wiki kadhaa hadi vipoe. Kwa kinyozi omba mashine isafishwe kwa spiriti mbele yako, na umwambie asimalizie kwa wembe shingoni. Krimu za kuchubua zinazouzwa kwa ajili ya vipele mara nyingi zina steroidi kali. Vipele hutulia kwa muda, kisha ngozi hubaki nyembamba na madoa.

Toleo la afya na ngono salama lilikuwa jasiri kwa wakati wake, kwa sababu lilizungumzia wanaume transijenda kama watu wanaofanya mapenzi, na kwa sauti isiyo ya kutisha. Sauti hiyo bado ni ya kuigwa na watoa ushauri wetu. Maelezo ya kitabibu ndiyo ya kuhakikishwa upya. Toleo hilo ni la miaka ya mwanzo ya jarida, kabla Marekani haijaidhinisha PrEP, dawa anayotumia mtu asiye na VVU ili asiambukizwe, mwaka 2012, kwa hiyo ukurasa wowote wa wakati huo kuhusu kuzuia VVU unakosa chombo muhimu tulicho nacho leo. Na PrEP yenyewe ina sharti kwa wanaume wetu: anayefanya ngono ya ukeni ameze kidonge kila siku. Utaratibu wa kumeza kabla na baada ya tendo tu ulijaribiwa kwa wanaume wenye uume, na dawa huchelewa kujaa kwenye tishu za uke kuliko za njia ya haja kubwa.

Matatu mengine yaandikwe kwa kalamu pembeni ya ukurasa. Testosteroni si kinga ya mimba. Hedhi inaweza kukoma huku yai likiendelea kupevuka, na mimba ikiingia dawa hiyo ina hatari kwa mtoto. Kondomu, kitanzi au kipandikizi vinaweza kutumika pamoja na testosteroni. La pili, ukuta wa uke hukauka na kuwa mwembamba, hivyo huchanika kirahisi; kilainishi cha maji ni cha lazima, na krimu ya estrojeni ya kupaka ndani hutibu ukavu bila kurudisha nyuma mabadiliko ya mwili. La tatu ni uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Mwenye mlango wa kizazi anahitaji kupimwa, ndevu au hakuna ndevu. Sampuli za wanaume wanaotumia testosteroni hurudishwa na maabara mara nyingi zaidi kuwa hazitoshi, kwa sababu ya ukavu huo huo. Mwambie mpimaji unatumia testosteroni na liandikwe kwenye fomu. Mahali penye kipimo cha HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo, uliza kama unaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa pamba ya kijiti. Wengi waliokuwa wakikimbia kitanda cha uchunguzi hukubali njia hiyo.

Halafu kuna sindano. Mazungumzo ya wanaume wa Marekani yamejaa maneno kama nusu mililita kila wiki, na msomaji wa nchi nyingine anaiga. Huo ni mtego. Testosteroni saipioneti ya Marekani kwa kawaida ina miligramu 200 katika kila mililita, na nusu mililita yake ni miligramu 100. Enantheti na mchanganyiko wa Sustanon unaopatikana kwingine mara nyingi ni miligramu 250 kwa mililita, na nusu mililita ni 125, robo nzima zaidi. Dozi ihesabiwe kwa miligramu siku zote, na kichupa kisomwe kabla ya kuvuta. Miongozo ya Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni, ya mwaka 2017 inataja miligramu 50 hadi 100 kwa wiki kwa saipioneti na enantheti, au 100 hadi 200 kila wiki mbili, na daktari ndiye anayepanga mahali pa kuanzia. Mafuta yaliyomo yanatofautiana pia: Sustanon ina mafuta ya karanga, saipioneti ya pamba, enantheti ya ufuta. Mwenye mzio wa karanga aseme mapema.

Kuzidisha hakuharakishi ndevu. Kunazidisha chembe nyekundu za damu, damu inakuwa nzito, na hatari ya kuganda inapanda. Kipimo cha kufuatilia ni hematokriti, yaani asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu, kila miezi mitatu mwaka wa kwanza, kisha mara moja au mbili kwa mwaka. Ikivuka asilimia 54, dozi hupunguzwa au husimamishwa hadi ishuke. Damu ya kupima kiwango cha testosteroni ichukuliwe katikati ya sindano mbili. Ukipima kesho yake baada ya sindano, jibu litatoka juu na daktari atakupunguzia bila sababu. Anayesafiri na vichupa abebe barua ya daktari na aviache kwenye boksi lenye jina lake. Marekani testosteroni iko kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa, na si huko tu.

Matoleo ya kazi na shule tunayapitia haraka, kwa kuwa yamefungwa na sheria za Marekani, nazo zimeyumba sana. Mwaka 2010 serikali ya huko iliruhusu jinsia kwenye pasipoti ibadilishwe kwa barua ya daktari bila upasuaji, na Januari 2025 amri ya rais ikageuza mwelekeo. Mswahili mwenye uraia wa Marekani asitegemee ukurasa wowote wa jarida kwa jambo hilo. Azungumze na wakili kabla ya kupeleka pasipoti yake kuhuishwa. Kwa Wakenya, kumbukumbu inayofaa zaidi ni ya Oktoba 2014, Mahakama Kuu ya Nairobi ilipoliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transijenda, cheti kipya cha KCSE chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Cheti cha shule kinamfuata mtu hadi kwenye maombi ya kazi Doha na vyuo vya Ujerumani, na jina lisilolingana na sura humfanya mwajiri adhani ni cha kughushi.

Sasa kununua. Kitabu cha 2019 ndicho njia rahisi, na maduka ya vitabu ya mtandaoni yanayosafirisha nje hukiuza. Matoleo yenyewe ya jarida hupatikana mitumba tu, na muuzaji anaweza kudai bei isiyo na uhusiano wowote na bei ya jalada. Kabla ya kulipa omba picha tatu: jalada, mgongo, na kurasa mbili za katikati zikiwa wazi. Za katikati zinaonyesha kama kuna picha iliyokatwa, jambo la kawaida kwa majarida ambayo watu walibandika kurasa zake ukutani. Mwenye toleo la chumba cha kulala katika hali nzuri ana kitu cha kutunza: liweke kwenye mfuko usio na asidi, lilale bapa, mbali na jua na unyevu wa pwani.

Kwa anayekaa Afrika Mashariki, anwani ya kupokelea ifikiriwe vizuri. Vifurushi vya vitabu hufunguliwa forodhani. Sheria ya Uganda ya mwaka 2023 inaweka kifungo cha hadi miaka 20 kwa kile inachokiita kuhamasisha ushoga, na kusambaza machapisho kumetajwa humo. Afisa hatakaa kutenganisha jarida la jinsia na la mapenzi. Nakala moja ya mtu mwenyewe na boksi la nakala ishirini za kugawa ni mambo mawili tofauti kabisa mbele ya sheria kama hiyo. Wenye ndugu Ulaya au Marekani wanunulie huko na wasomee huko. Walioko nyumbani wana njia bora zaidi, tena ya bure: Digital Transgender Archive, hazina ya mtandaoni iliyofunguliwa mwaka 2016, ambako utasoma jarida la FTM la Sullivan na Metamorphosis la Raj, zikiwa zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Zisome kwenye dirisha la faragha la kivinjari. Ukizipakua, ziweke kwenye folda yenye nywila, na uzime uhifadhi wa picha wa moja kwa moja kama akaunti hiyo inatumiwa na familia nzima.

Tungeanza na toleo la FTM la 1987, tukifuata na barua za wasomaji za miaka miwili inayofuata, ndipo tufungue mkusanyo wa 2019 kwenye kurasa za chumba cha kulala.